Mahojiano ya Kazi Huanzia Nyumbani



Wiki hii safu yetu inaiacha bahari nyuma na kupanda hadi magharibi ya Kenya, katika miji ya Bungoma na Kitale, ambako baadhi ya jamaa zetu wameweka makazi kwa miaka mingi. Safari hiyo si ngeni kwa watu wa pwani. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wetu ilifika kwa Nabongo Mumia, mahali ambapo leo ni mji wa Mumias, si mbali na Bungoma, na kwa njia hiyo Uislamu na Kiswahili vikaota mizizi katika nchi ile. Wazee walikwenda huko na bidhaa. Wajukuu wao leo wanazunguka na vyeti mkononi wakitafuta ajira.

Miongoni mwao yumo binti mmoja wa jamaa zetu, ambaye kwa kumsitiri hatutamtaja jina. Ana umri wa miaka 20. Baba yake alikwishafariki. Mama yake yuko huku pwani na wadogo zake watatu, naye analelewa Bungoma na ami yake tangu alipoingia kidato cha kwanza. Alipomaliza kidato cha nne alisomea ufundi wa umeme, akapata cheti, kisha akakaa nyumbani mwaka mzima pasi na kazi. Katika mwaka huo wakala mmoja alifika na fomu za kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Fomu zile ziliwekwa kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni, na kila siku fedha zilipopungua, macho ya watu wa nyumba ile yalielekea kabatini.

Ndipo binti akaitwa kwenye mahojiano katika duka dogo la simu pale Bungoma. Alikwenda, akarudi kabla ya adhuhuri, akajifungia chumbani. Jioni alitupigia simu. Alisema, "Bi, nimejifedhehesha."

Mwenye duka alimwuliza kama amewahi kuuza. Akajibu kwamba aliuza simu Mombasa kwa miaka miwili. Akaulizwa duka lenyewe lilikuwa mtaa gani, na chaja ya kawaida waliiuza kwa bei gani. Hakuwa na la kusema. Kisha akaulizwa kama hijabu ataivua akiwa kazini, na hapo pia akanyamaza, kwani hakuna aliyewahi kumfundisha jibu la swali hilo. Mwisho akaambiwa aulize alilo nalo. Akasema hana.

Wasomaji wetu, ni wajibu wetu kukiri. Ule uongo wa miaka miwili haukutoka kichwani mwa binti. Mmoja wetu ndiye aliyemshauri, kwa kudhani kwamba bila hivyo hatasikilizwa. Tulimpeleka mtoto mbele ya watu na jambo ambalo hakuwa nalo, akabaki peke yake kulibeba. Siku ile tukafahamu kwamba mahojiano ya kazi hayaanzii mlangoni mwa duka, bali huanzia nyumbani, kwa yale ambayo sisi watu wazima tunamwambia kijana ayaseme na yale tunayoona haya kuyazungumza naye.

Wiki tatu baadaye alipata mwito mwingine, safari hii kutoka duka kubwa la vifaa vya elektroniki mjini Kitale. Ami yake alisema wazi kwamba hili likishindikana, fomu zitajazwa. Tulikuwa na siku sita. Kila usiku baada ya sala ya isha tulizungumza naye kwa simu, na haya ndiyo tuliyoyatayarisha pamoja. Tunayaandika kwa sababu nyumba yenye kijana wa umri huo huenda ikayahitaji.

La kwanza lilikuwa ukweli juu ya nafsi yake. Tulimwambia aseme hajawahi kuuza dukani, kisha aseme kile alichowahi kukifanya. Akakumbuka kwamba tangu utotoni, kila likizo, aliuza mahamri ya mama yake asubuhi, akahesabu chenji bila kikokotoo na kuwajua wateja kwa majina. Akakumbuka pia kwamba majirani wa Bungoma humwita atazame pasi iliyokufa au waya wa redio uliokatika. Hayo ni maarifa ya kweli, na mwajiri anayetafuta mtu wa ngazi ya chini kabisa hatarajii zaidi ya hayo. Bi Khadija (r.a.) alipomkabidhi Mtume wetu (s.a.w.) mali yake aipeleke Sham, kabla ya utume wake, alimchagua kwa sababu alisikia habari za ukweli na uaminifu wake. Mwenye mali wa leo naye analo swali lilelile moyoni, hata akiliuliza kwa maneno mengine.

La pili lilikuwa bidhaa. Binti alikwenda maduka mawili ya Bungoma, akawaomba wauzaji ruhusa ya kutazama, akaandika katika daftari. Kwenye friji akatafuta kibandiko cha nyota cha EPRA, kianziacho nyota moja hadi tano, ambapo nyota zikizidi matumizi ya umeme hupungua. Kwenye televisheni akajifunza kuuliza kama ina king'amuzi ndani yake, kwa kuwa Kenya iliacha matangazo ya analojia mwaka 2015 na mteja wa kijijini hukasirika akifika nyumbani na kukuta skrini tupu. Kwa simu akajifunza kubonyeza *#06# ili nambari ya utambulisho ionekane, kisha kuilinganisha na ile iliyo kwenye boksi. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2012, simu bandia zilipozimwa nchini kote na watu wakabaki na vyuma mkononi.

Tukamfundisha pia hesabu ya tokeni, maana hilo ndilo swali la mama yeyote anayenunua chombo cha stima. Birika la wati 2,000 likichemsha kwa robo saa hula nusu yuniti. Televisheni ya wati 50 ikiwashwa saa tano hula robo yuniti tu. Muuzaji anayeweza kusema hivyo bila kubabaika humfanya mteja amwamini.

La tatu lilikuwa biashara ya mkopo, ambayo siku hizi imeenea sana katika maduka ya simu. Tuchukue mfano. Simu inauzwa taslimu kwa shilingi 15,000. Kwa mkopo mteja anatoa kianzio cha 3,000, kisha shilingi 50 kila siku kwa siku 365. Hizo 50 zinafika 18,250, na jumla yote ni 21,250. Tofauti ni 6,250. Muuzaji mwenye kumcha Mungu humtajia mteja jumla hiyo kabla hajatia sahihi, wala hamwambii "ni hamsini tu kwa siku" akaishia hapo. Kuhusu hukumu yake, wanazuoni wengi wanajuzisha bei ya mkopo kuwa juu ya bei ya taslimu maadamu bei moja imekubaliwa tangu mwanzo. Faini inayozidi kukua kwa sababu ya kuchelewa ndiyo yenye tatizo la riba. Kila duka lina masharti yake, kwa hiyo tulimwambia binti ayasome masharti hayo na kumwuliza sheikh wa msikiti wao.

La nne ndilo lililomfunga ulimi Bungoma, yaani hijabu na sala. Tulimsomea Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi, na miongoni mwa mambo inayoyataja ni dini na mavazi. Ibara ya 32 inasema mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inamkinga hata yule ambaye bado anaomba kazi, na inataja pia ndoa na ujauzito, kwa hiyo binti akiulizwa ataolewa lini au atazaa lini, asijione ana hatia ya kujibu kwa upole kwamba hayo hayatazuia kazi yake. Lakini tulimsisitizia jambo moja: sheria aibebe moyoni imtie ujasiri, asiitupe mezani kama jiwe. Mwajiri wengi wao hawauliza kwa chuki. Wanataka kujua tu mambo yatakwendaje. Basi awape mpango. Sare ya duka ataivaa, juu ya nguo ya mikono mirefu. Adhuhuri ataswali ndani ya muda wa chakula. Alasiri ataomba dakika kumi, kwa zamu na wenzake. Na akinyooshewa mkono na mwanamume, aweke wake kifuani, atabasamu na kusalimu kwa maneno ya heshima, asimwache mtu na mkono hewani bila neno.

La tano lilikuwa maswali yake yeye. Mahojiano ni mazungumzo ya pande mbili, na asiyeuliza huonekana hajali. Tukaandika naye maswali manne: zamu inaanza na kuisha saa ngapi, mshahara ni kiasi gani na kamisheni inahesabiwaje, bidhaa ikipotea au kuvunjika, nani hulipa na kwa utaratibu upi, na masharti hayo yataandikwa lini. Sheria inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kipindi cha majaribio hakipaswi kuzidi miezi sita bila mwajiriwa kukubali kirefushwe. Kila siku saba ipo haki ya siku moja ya mapumziko. Makato ya mshahara, yakijumlishwa yote, hayaruhusiwi kuzidi thuluthi mbili zake.

Tulimwonyesha vilevile kwamba mshahara unaotajwa siyo unaofika mkononi. Kwa mshahara wa shilingi 20,000, bima ya afya ya jamii inakata asilimia 2.75, yaani 550. Ada ya nyumba asilimia 1.5, yaani 300. Na NSSF asilimia 6, yaani 1,200. Zinabaki 17,950. Kijana asiyejua hayo huahidi mama yake fedha ambazo hatazipata, na ugomvi huanza mwezi wa kwanza.

Na tulimwonya: akiombwa fedha ili apewe kazi, iwe ya "fomu", ya "sare" au ya "chai ya meneja", aage na kuondoka.

Baada ya hayo yote lilibaki jambo zito kuliko yote, nalo ni ami. Ami yake ni mtu mwema na mwenye wivu wa dini. Hakupenda binti asimame kaunta mbele ya kila mpitaji, tena Kitale, mbali na nyumbani. Kwa muda mrefu tulikuwa tunalikwepa jambo hilo, tukimtayarisha binti kwa siri kana kwamba anafanya dhambi. Usiku wa nne tulimpigia ami mwenyewe. Tulimsikiliza kwanza. Alipomaliza, tukamwuliza, kwa adabu, ni lipi lililo karibu zaidi na macho yake: duka la Kitale, ambalo anaweza kulifikia kwa matatu kupitia Webuye na Kiminini na kurudi siku hiyohiyo, au nyumba asiyoijua ng'ambo ya bahari? Hakujibu papo hapo. Kesho yake alituma ujumbe kwamba anaijua familia moja ya Kitale, watu wa msikiti, ambao wanaweza kumpa binti chumba na binti yao.

Siku ya mahojiano binti alitoka Bungoma mara tu baada ya sala ya alfajiri, kwa kuwa alitakiwa saa tatu asubuhi. Alivaa buibui safi, mtandio wa rangi moja na viatu vya chini, na juu yake sweta, maana baridi ya Kitale asubuhi si mchezo. Alifika saa mbili na nusu. Ndani walikuwa wawili: mama mmoja ambaye ndiye meneja, na kijana wa kiume msimamizi wa stoo.

Waliuliza kama amewahi kuuza. Akawaambia habari za mahamri. Meneja akacheka, akamwuliza mahamri yakibaki alifanyaje. Akasema aliyapunguza bei saa nne, kwa kuwa baada ya hapo hayanunuliki.

Kisha meneja akasema, "Mimi ni mkulima. Nimeuza mahindi, nina shilingi 18,000, nataka televisheni. Niuzie." Binti alitazama televisheni zilizokuwa ukutani, akajizuia kutaja chapa yoyote. Akauliza, "Mama, nyumbani kuna stima au mnatumia sola?" Meneja akajibu sola. Binti akaeleza kwamba kwa nyumba ya sola ipo televisheni ya volti 12 inayounganishwa moja kwa moja na betri, na kwamba ile kubwa iliyo ukutani, hata akiimudu, itamaliza betri kabla ya taarifa ya habari. Yule kijana wa stoo, ambaye mpaka hapo alikuwa akitazama simu yake, akaiweka chini.

Swali la mwisho lilikuwa la mtego. Friji ya maonyesho ina mkwaruzo ubavuni, mteja hajauona, naye anataka kulipa. Utafanyaje? Tulikuwa tumekwisha kumkumbusha kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta unyevu chini, akamkemea muuzaji kwa kuuficha badala ya kuuweka juu watu wauone. Binti hakukisimulia kisa hicho. Alisema tu kwamba atamwonyesha mteja mkwaruzo, kisha amwulize meneja kama anaweza kumpunguzia bei, kwa sababu asipoonyeshwa leo atarudi kesho na friji yake pamoja na jirani zake. Suala la hijabu na sala lilipokuja, alitoa mpango wake kwa sentensi mbili, na likapita. Akauliza maswali yake manne. Akajibiwa matatu, la bidhaa kupotea meneja alisema atalitafutia jibu.

Sasa, wasomaji wetu, mngependa tuseme kwamba alipata kazi siku ileile. Hakupata. Baada ya siku tisa alipigiwa simu kwamba nafasi amepewa mwingine, aliyekuwa na uzoefu wa miaka miwili wa kweli. Lakini meneja aliongeza neno: mwisho wa kila mwezi, mishahara inapotoka, duka hujaa na wanahitaji mtu wa kusaidia kwa siku kumi. Je, angependa kuanza hivyo, huku jina lake likiwekwa mbele pindi nafasi itakapotokea? Masharti atayakuta yameandikwa, pamoja na jibu la lile swali lililobaki.

Ni kazi ndogo, na malipo ya siku kumi hayatawasomesha wadogo zake watatu. Hatutaki kuipamba. Hata hivyo imepatikana bila neno moja la uongo, na mtu aliyempa anajua yeye ni nani, anavaa nini, anaswali saa ngapi na anaweza nini. Akipandishwa atapandishwa kwa hayo, na akiondoka ataondoka bila hofu ya kuumbuliwa.

Kwa wazazi na walezi tunalo ombi. Kijana wako akiitwa kazini, usimpe uongo wa kumsindikizia. Kaa naye usiku mmoja umwulize anachokijua, umsikilize mpaka amalize. Mfanyeni mazoezi mkiwa wote sebuleni, mmoja awe mteja, mwingine awe meneja, na wadogo wacheke. Ni heri achekwe nyumbani. Na kama una wasiwasi, useme mapema, kabla hajapanda gari, ili utafutiwe njia. Wasiwasi unaofichwa humfikia mtoto kama kikwazo tu.

Binti alianza siku ya ishirini na tano ya mwezi uliopita. Usiku wake tulimpigia ami kumwuliza hali. Hakutaja kaunta wala wanaume. Alituuliza kama tunajua matatu ya mwisho kutoka Kitale huondoka saa ngapi, kwa kuwa Jumamosi anataka kwenda kulitazama duka lenyewe na kununua pasi. Zile fomu, alisema mkewe, bado zimo kabatini. Lakini siku hizi hutumika kuwekea vikombe.

Wabillahi tawfiq.